Benki Ikishinda kwa Sita

6 Februari

Mdogo wangu Chiriku,

Salamu kutoka ghorofa ya tatu. Mama mzima wa mwili, anakula, na leo ameshinda akimsema fundi wa lifti ambaye hajaonekana tangu mwaka jana. Mimi mgongo unanisumbua lakini bado naweza kuinama chini ya sinki, na kwa fundi bomba hiyo ndiyo afya yenyewe. Binti yangu amepata kazi ya mapokezi kwa daktari wa meno. Ameacha sukari, na sasa anatusumbua na sisi tuache.

Utajiuliza mbona barua wakati simu ipo. Nyumba hii unaijua, vyumba viwili na ukuta wa mbao katikati. Nikikupigia, Mama anazima redio ili asikie vizuri. Nikishuka kukupigia barabarani, nikirudi ananiuliza umesemaje. Kwa hiyo naandika kazini, juu ya boksi la viungo vya mabomba. Karatasi ikiwa na mafuta, nisamehe.

Sasa sikiliza. Mama akili yake inaondoka.

Tangu alipoanguka bafuni nikahamia kwake, tukishakula tunacheza karata. Dau letu ni vifungo vya kopo lake la enzi za cherehani, cha koti ni kizima, cha shati ni nusu. Mchezo ni ule uliotufundisha wewe. Pande mbili, Benki na Mchezaji, karata mbili kila upande, mara nyingine ya tatu, na anayeikaribia tisa ndiye mshindi. Unaweka dau upande unaoupenda. Uliniambia siku hizi hakuna kukata kamisheni, Benki ikishinda unalipwa sawa kwa sawa, isipokuwa ikishinda kwa saba ya karata tatu, hapo unarudishiwa dau lako basi. Mtu hahitaji shule kuelewa hayo.

Mama amejitungia yake. Nikiweka Benki ikashinda kwa sita, ananisogezea kifungo cha shati. Nusu, anasema. Namwuliza nusu ya nini, anasema sita ni nusu. Halafu ikija ile saba ya karata tatu, nikimrudishia dau lake, anadai na ushindi juu. Wiki iliyopita aliweka kifungo pembeni kabisa ya meza, pasipo na upande wowote. Benki ikashinda kwa sita, akanyoosha mkono akidai vifungo kumi na viwili. Nikamwambia, "Mama, kumi na viwili vimetoka wapi?" Akanikata jicho.

"Ndivyo inavyolipwa. Wewe nani alikufundisha?"

"Chiriku."

"Mimi pia alinifundisha Chiriku. Basi wewe hukumsikiliza."

Mwalimu mmoja, na yeye anacheza mchezo wa peke yake. Juzi pia alisahau jiko linawaka, na ameniita kwa jina la marehemu baba. Lakini hayo hata mimi yanaweza kunipata. Ni karata ndizo zilizonikata maini. Mtu aliyekuwa anapima shingo ya shati kwa macho tu, leo anabishana na sita.

Kuna nyumba ya wazee karibu na kiwanda cha rangi. Ni safi, nimeikagua hadi mabomba. Chumba kitakuwa wazi Aprili. Sitaki kuamua peke yangu halafu baadaye niwe mimi niliyemtoa Mama kwake. Nataka neno lako.

Kaka yako.


19 Machi

Kaka,

Barua yako ilifika ikinuka grisi, nikainusa kabla ya kuisoma. Mimi nipo, miguu ndiyo inalalamika. Mwenzangu wa chumba, mgawa karata wa zamu ya asubuhi, amenunua beseni na chumvi, na tukirudi tunakaa tumetumbukiza miguu kama mabibi wawili. Mpe hongera binti yako. Mwambie sukari haina kosa.

Huku kasino kuna pilikapilika. Meza zetu zote ni za mtindo wa zamani, Benki ikishinda tunakata tano katika kila mia. Wageni wamechoka kutusubiri tukipiga hesabu ya vichenji, na mkubwa naye amechoka kuwasikiliza. Basi zinaletwa meza zisizo na kamisheni, na kwa sababu mimi nimeshafanyia kazi nyumba za namna hiyo, nimeambiwa niwafundishe wenzangu. Nikifanya vizuri kuna cheo cha mkuu wa meza. Ningekaa kwenye kiti kirefu nikiangalia wengine wakisimama. Unaelewa maana yake kwa miguu yangu.

Kuhusu Mama nimesikitika, sijui hata niseme nini. Wewe ndiye uliye naye, wewe ndiye unayemwona. Fanya unavyoona ni sawa, mimi sitakulaumu. Gharama ya chumba tutagawana, na kama ni nzito nitabeba zaidi yako.

Swali moja tu. Hiyo nusu kwenye sita, anaidai kila mara au ilikuwa siku moja moja? Na vile vifungo pembeni, una hakika alisema kumi na viwili?

Zamu inaanza, naishia hapa. Mbusu Mama, lakini usimwambie ni mimi nimesema, maana atauliza mbona sikuja kumbusu mwenyewe.

Chiriku.


27 Machi

Chiriku,

Sisi hatujambo. Lifti bado. Mama amemshonea binti yangu mkono wa koti la kazini bila miwani, mshono umenyooka, sijui utauweka upande gani wa hesabu. Mimi nimekuwa nikifunga mabomba ya jengo jipya na vidole vimepasuka.

Nimekaa zaidi ya mwezi nikisubiri neno lako, likaja la miguu. Sawa. Nakujibu swali lako ingawa silielewi. Anadai nusu kila mara. Hajakosea hata siku moja, sita ni nusu, akiwa amechangamka au amechoka, akishinda yeye au nikishinda mimi. Na ndiyo, kumi na viwili, alivihesabu mwenyewe kutoka upande wangu wa meza. Ukaidi wa namna hii nesi anasema ni dalili.

Maana nesi wa wazee alikuja. Mwanamke mpole, alikaa kwenye kiti cha cherehani na Mama hakumfukuza, jambo ambalo lilinishangaza. Kwanza aliongea na mimi. Aliniuliza kama nalala. Nilikuwa nakaza koki ya jikoni, sikumsikia vizuri, akaendelea na mengine. Halafu akamgeukia Mama. Leo ni siku gani, Mama akasema Jumapili, na ilikuwa Jumatano. Tuko mwaka gani, akataja mwaka ambao wewe hata hujazaliwa. Ghorofa ya ngapi hapa, akasema chini. Una watoto wangapi, akasema mmoja.

Sikutaka kukuandikia hilo la mwisho. Nimeliandika.

Nesi akafunga mkoba akaniambia polepole pale mlangoni kwamba isingekuwa vizuri kungoja. Chumba kinafunguliwa tarehe ishirini Aprili, na wasipopata jibu watampa mwingine. Mimi sikutaka ruhusa yako ya barua, ya kwamba hutanilaumu. Nilitaka useme unafikiri nini. Ukiwa mdogo ulikuwa unaongea mpaka majirani wanagonga ukuta, ndiyo maana ukaitwa Chiriku. Siku hizi ukiulizwa jambo unapiga chenga.

Kaka yako.


11 Aprili

Kaka,

Natumaini vidole vimepona, paka mafuta ya mgando, usijifanye mwamba. Samahani kwa kuchelewa. Zamu zimekuwa nyingi, mafunzo ya meza mpya yanafanyika mchana na kazi ni usiku. Lakini leo nimekaa, na nitasema moja kwa moja.

Mama hajakosea. Kwenye karata Mama hajakosea hata kidogo, na wewe hujakosea. Nimewafundisha michezo miwili tofauti.

Huu mchezo una jina moja lakini kila nyumba ina namna yake ya kujilipa. Benki hushinda mara nyingi kuliko Mchezaji kwa sababu yeye huchukua karata ya mwisho akiwa ameshaona ya mwenzake. Ukiachia hivyo hivyo, kila mtu ataweka Benki na nyumba itafunga milango. Kwa hiyo lazima ikate mahali. Huku nilipo inakata waziwazi, Benki ikishinda tano katika mia inabaki kwetu.

Nyumba ya kwanza niliyofanyia kazi, ile yenye mazulia yaliyokuwa yananifanya nipige chafya, haikuwa na kamisheni. Badala yake, Benki ikishinda kwa sita, na kwa sita tu, unalipwa nusu. Saba ya karata tatu inalipwa kamili kama ushindi mwingine wowote. Na pembeni kuna kisanduku, ukiweka dau hapo na Benki ikashinda kwa sita, unalipwa kumi na mbili kwa moja. Nilipokuja likizo mwaka ule ndiyo huo niliomfundisha Mama na yule jirani wa ghorofa ya chini, na wakaucheza wao wawili miaka yote mpaka jirani alipohama. Hajasahau hata kisanduku.

Nyumba ya pili ndiyo ile ya juu ya hoteli, ulipokuja kufunga mabomba mji ule ukalala kwangu sakafuni. Pale nako hakukuwa na kamisheni, lakini sita ililipwa kamili na mtego uliwekwa kwenye saba ya karata tatu. Ikishinda hiyo, dau linarudi kwako bila faida. Pembeni kulikuwa na kisanduku cha saba hiyo chenye malipo ya arobaini kwa moja, ila wewe sikukufundisha kwa sababu ulikuwa unasinzia na koleo mkononi.

Wageni wakisikia hakuna kamisheni macho yanawang'aa. Ukipiga hesabu, ile ya saba na ile ya kamisheni zinakaribiana, nyumba inabakiza kama moja katika kila mia inayowekwa Benki. Ile ya sita inabakiza karibu moja na nusu, kwa sababu sita inakuja mara nyingi zaidi. Mtu anakataa kukatwa mbele ya macho yake, kisha anakatwa zaidi na anatoka anashukuru. Sisi wagawaji tunaipenda maana haina vichenji.

Na nikuambie jambo lililonipata juzi. Nilikuwa mbele ya wenzangu wanane na mkubwa wetu, nafundisha meza mpya, ambayo ni ya mtindo wa saba. Benki ikashinda kwa sita. Mkono wangu ukakata nusu wenyewe, ukasukuma nusu mbele, na mdomo ukasema "nusu." Wote wakanitazama. Sheria nilikuwa nimeiandika mwenyewe ubaoni nyuma ya mgongo wangu. Nilijifanya nilikuwa nawajaribu, wakacheka, lakini mkubwa hakucheka. Jambo la kwanza ulilojifunza halitoki mkononi. Mama amefundishwa nusu, na mkono wake unakumbuka nusu. Hiyo siyo akili inayoondoka, Kaka. Akili inayoondoka ingesema leo nusu, kesho robo.

Ya jiko na ya jina la baba siyajui. Na maswali ya nesi siyajui, sikuwepo. Nakuambia hili la karata tu kwa sababu ndilo ulilosema limekukata maini. Tafadhali fikiri tena kabla ya tarehe ishirini.

Chiriku.


30 Mei

Chiriku,

Mimi sijambo. Binti yangu hajambo. Lifti imetengenezwa, sasa ambapo hakuna tena mtu wa kuipanda kwa shida.

Barua yako ilifika siku mbili kabla ya ile tarehe. Niliisoma kwenye ngazi, nikaisoma tena ndani ya bafu mlango umefungwa. Nikaelewa kila kitu, umeeleza vizuri, ungekuwa mwalimu. Jioni ile tukacheza na nikamlipa Mama nusu kwenye sita bila ubishi. Akaniangalia, akasema, "Umeandikiwa." Nikasema hapana.

Tarehe ishirini nikampeleka.

Usinitafutie sababu, nakupa mwenyewe. Nimechoka. Kwa miaka miwili nimelala na sikio moja wazi. Nikisikia kitanda chake kinalia naamka, nasimama gizani nangoja nijue kama anageuka au anaanguka. Mchana nainama chini ya sinki za watu nikisinzia, na mwezi wa Februari nilisahau kukaza kiungo, maji yakaharibu dari ya mteja. Ulipoandika kwamba Mama ana akili zake, badala ya kufurahi nilihisi umenifungia mlango. Nilikuwa nimeshaushika huo ugonjwa wake kama cheti changu cha kupumzika. Ukaninyang'anya, na hukunipa kitu kingine.

Nilimwambia ni wiki mbili, mpaka nibadilishe sakafu ya bafu isiwe inateleza. Akapanga nguo zake mwenyewe. Akafunika cherehani kwa shuka. Hakuuliza lolote njiani, na mimi niliongea njia nzima kuhusu vigae.

Sasa hili lingine niliseme na liishe. Uliniuliza kuhusu nusu na kumi na viwili mwezi wa tatu. Kwa hiyo mwezi wa tatu ulishajua. Ulikaa nalo wiki kadhaa, ukaniandikia miguu na beseni, ukasema fanya unavyoona. Naelewa kwa nini. Ungesema Mama mzima, ningekujibu basi njoo ukae naye nawe kidogo. Unatuma fedha kila mwezi, hukosi, na kila mtu hapa anakusifu, hata mimi. Hukati kitu. Wewe ndiyo ile meza isiyo na kamisheni, mdogo wangu. Mahali unapokatia nimepajua.

Nikiisoma barua hii kesho sitaituma, kwa hiyo naituma leo.

Kaka yako.


14 Juni

Kaka,

Nimeisoma. Sina la kukanusha.

Ulisema alitaja mtoto mmoja. Tangu siku hiyo nikigawa karata nasikia hilo. Miaka minne sikuja, kila mwaka na sababu yake, mkataba, nauli, mkubwa mpya, na zote zilikuwa za kweli na hakuna iliyokuwa sababu. Uliponiambia kwenye simu mwaka juzi kwamba ameanza kusahau, niliogopa. Niliogopa nitafungua mlango atanitazama kama mtu aliyekuja kusoma mita. Nikajiambia nikikaa mbali, huku kwangu bado ananijua. Halafu barua yako ya Februari ikaonyesha ana akili zake zote, na ndiyo nikaogopa zaidi, maana mtu mwenye akili zake anajua nani hakuja.

Cheo cha mkuu wa meza nimepewa. Mkataba mpya uko mbele yangu na kalamu wameniwekea juu yake, ya kampuni, yenye dhahabu. Sijausaini. Wa sasa unaisha mwisho wa Julai. Nimemwambia mkubwa sijui, akasema watu hawamwambii sijui kuhusu kiti kile.

Nikija sitakuja kutembea. Nitalala chumba cha Mama, wewe ulale chako na masikio yote mawili yamefungwa. Kazi huko nitatafuta, hata ya kuuza tiketi. Kama mambo yatakwenda sawa nitafika tarehe tano Agosti. Nenda ukamrudishe Mama nyumbani nimkute kwake. Usimwache pale akinisubiri mimi.

Najua una hasira. Ningekuwa wewe ningekuwa nimeshachana barua.

Chiriku.


2 Julai

Chiriku,

Sikuchana. Hasira zipo lakini nazo zimechoka.

Jumamosi nilikwenda kumchukua kama ulivyosema. Nilibeba begi tupu la nguo zake. Nyumba ile ina ukumbi wenye madirisha makubwa, na nilimkuta amekaa na wanawake watatu na mzee mmoja aliyekuwa dereva wa treni, karata mezani, dau ni vijiko vya chai. Yeye ndiye anayegawa. Benki ikashinda kwa sita, akamlipa yule dereva nusu, mzee akalalamika, akamwambia, "Ukitaka kamili katafute meza nyingine." Mhudumu mmoja alisimama karibu na mimi akaniuliza ni lini hasa tulianza kumwona amechanganyikiwa. Nikamwuliza chumba chake ni kipi.

Tulipokaa chumbani kwake nikamwambia kila kitu. Kwamba nilikosea, mchezo wake ni sahihi, Chiriku ameeleza. Akasema, "Nilikuambia kila siku."

Nikamwuliza, sasa mbona nesi ulimjibu ovyo vile? Jumapili, ghorofa ya chini, mwaka ule. Alikuwa anakunja taulo. Akalikunja mpaka likaisha. Akasema, "Alikuuliza kama unalala. Ukageukia koki. Koki yenyewe ilikuwa nzima, baba, uliikaza mpaka nikafikiri utaing'oa. Nikasema huyu akinikuta mzima ataondoka, na mwanangu atabaki na mimi mpaka adondoke."

Nililia, Chiriku. Mtu mzima na begi tupu miguuni. Aliniacha nilie, hakunibembeleza.

Baadaye nikauliza na lile la mtoto mmoja, kama nalo alilisema makusudi. Nilitaka aseme ndiyo ili nikuandikie. Akasema, "Hilo sikudanganya. Aliuliza nina wangapi, nikaangalia mle ndani, nikahesabu." Nakuandikia hivyo hivyo alivyosema. Hakulisema kwa ubaya.

Nikafungua begi nianze kutia nguo. Akalifunga. Anasema akirudi na mimi tu, tutarudi palepale, haitapita miezi mitatu nitakuwa nakaza koki nzima. Anasema hapa wanamsumbua kwa chai isiyo na majani ya kutosha na taa zinazozimwa mapema, na usiku analia kidogo, lakini anaweza kuvumilia akijua mwisho wake. "Mkija wawili nitavaa viatu," ndivyo alivyosema. Nimebishana naye mpaka mlinzi akaja kusema muda wa wageni umekwisha. Kwa hiyo sikumrudisha. Begi nimerudi nalo tupu.

Akaniuliza kama ni kweli unakuja au ni barua tu. Nikasema ni kweli. Akauliza lini, nikamwambia tarehe tano Agosti. Akamwomba mhudumu aiandike ukutani juu ya kitanda, herufi kubwa, kwa sababu miwani yake aliisahau nyumbani. Ulikuwa umeandika "kama mambo yatakwenda sawa." Hilo sikumwambia.

Nilimdanganya mara moja, siku ile ya vigae, na alijua, akapanda gari hivyo hivyo. Usinifanye nimdanganye tena.

Kaka yako.